Dawa ya Shambani na Ubongo wa Mtoto: Jinsi Ukweli Ulivyojulikana

Kama una mtoto mgongoni, mshushe umnyonyeshe huku ukisikiliza, maana mazungumzo ya leo ni marefu kidogo.

Siku moja ya kliniki ya wajawazito, nilikuwa nikimpima presha mama mmoja mwenye mimba ya miezi mitano. Nilipomwinamia nikasikia harufu ya dawa ya nyanya kwenye leso yake. Nikamwuliza, "Mama, umetoka kupiga dawa?" Akacheka. "Mimi sipigi, Sista. Baba watoto ndiye hupiga. Mimi huchota maji tu na kukoroga, halafu jioni nafua nguo zake." Nikamwambia aache kazi hiyo mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Akaniangalia. "Lakini Sista, hii ni mimba ya tatu na sijawahi kuanguka hata siku moja. Ingekuwa ni sumu, si ningekuwa nimeanguka?"

Foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya mlango, kwa hivyo jibu langu lilikuwa fupi. Aliondoka bila kuridhika, na mimi pia sikuridhika. Swali lake lilikuwa la maana sana. Wataalamu wenyewe, wenye shahada na maabara, walijiuliza swali hilo hilo kwa karibu miaka hamsini: mtu ameanguka au hajaanguka? Kama hajaanguka, dawa ni salama. Leo nataka nimjibu mama yule vizuri, kwa kuwasimulia historia ya dawa hizi na jinsi ilivyojulikana kwamba mama anaweza kukaa wima, hana hata maumivu ya kichwa, na mtoto aliye tumboni akawa ameguswa.

Tuanze Ujerumani, mwaka 1936. Katika mji wa Leverkusen kulikuwa na mwanakemia aitwaye Gerhard Schrader. Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta dawa mpya ya kuua wadudu wanaoharibu mazao. Mwezi wa Desemba mwaka huo alitengeneza kitu ambacho kiliua wadudu kwa kiasi kidogo mno. Mwezi uliofuata, Januari 1937, tone la kitu hicho lilimwagika katika maabara. Yeye na msaidizi wake wakaona giza, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi ikawa fupi. Walichukua kama wiki tatu kupata nafuu. Kitu kile kiliitwa tabuni, na jeshi la nchi yake likakichukua kiwe silaha ya vita.

Sitaki kuwatisha. Dawa iliyo dukani leo siyo tabuni. Lakini ni ya ukoo huo, ukoo unaoitwa oganofosfeti, na hufanya kazi kwa njia ile ile. Schrader aliendelea kutafuta dawa ya shamba, na kufikia mwaka 1944 alikuwa ametengeneza parathioni, ambayo baada ya vita ilienea mashambani duniani kote.

Sasa sikiliza jinsi inavyofanya kazi, maana hapo ndipo siri ilipo. Ujumbe katika mishipa ya fahamu hupita kama mgeni anayebisha hodi. Mshipa mmoja hubisha, wa pili hufungua. Mlango ukishafunguliwa, hodi lazima inyamaze, la sivyo itakuwa kelele usiku kucha. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuinyamazisha hodi hiyo. Dawa za ukoo huu hukifunga mikono kimeng'enya hicho. Kwa hivyo hodi haikomi: mate yanatiririka, machozi yanatoka, jasho linamwagika, tumbo linasokota, misuli inatetemeka, na mwisho pumzi inakwama. Mdudu hufa hivyo. Na mtu aliyekunywa au kumwagikiwa na dawa nyingi huanguka hivyo.

Kwa sababu dalili hizo zinaonekana kwa macho, na kwa sababu kimeng'enya hicho kinaweza kupimwa kwenye damu, wataalamu walipata kipimo rahisi. Walimpima mfanyakazi damu. Kama kimeng'enya hakijashuka, walimwambia arudi kazini. Kipimo hicho kiliokoa maisha ya wanaume wengi waliobeba pampu mgongoni, sikidharau. Lakini kilikuwa kipimo cha mtu mzima. Hakuna aliyemwuliza mtoto wa tumboni.

Wakati huo huo dunia ilikuwa imependa dawa nyingine, DDT. Mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel. Ilipunguza malaria na homa ya chawa, na watu waliinyunyizia bila hofu. Lakini DDT haiozi upesi. Inakaa kwenye udongo, kwenye mafuta ya mnyama, kwenye maziwa ya mama. Mwaka 1962 mwanamke mmoja Mmarekani, Rachel Carson, mtaalamu wa viumbe vya majini, aliandika kitabu kuhusu madhara yake kwa ndege na samaki. Watengenezaji dawa walimshambulia kwa maneno makali. Yeye wakati huo alikuwa mgonjwa wa saratani ya matiti, na aliaga dunia mwaka 1964. Mwaka 1972 Marekani iliipiga DDT marufuku. Hapa kwetu Kenya ilizuiwa kutumika mashambani mwaka 1986.

Wakulima wakahamia wapi? Wakahamia kwenye ukoo wa oganofosfeti. Walisifiwa kwa sababu dawa hizo huoza haraka, hazikai ardhini miaka kumi kama DDT. Iliyo kali zaidi, parathioni, ilikuja kupigwa marufuku nchi nyingi, Kenya ikiwemo mwaka 1988. Zile zilizoonekana za wastani zikaendelea, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa klorpirifosi, iliyoingia sokoni mwaka 1965. Ilipigwa kwenye mahindi, matunda na mboga. Ilipigwa majumbani kuua mende na mchwa.

Hapa nieleze jambo moja kuhusu chupa unazoziona dukani. Chini ya karatasi ya chupa kuna mstari wa rangi: mwekundu, wa manjano, wa buluu au wa kijani. Akina mama wengi wameniambia, "Sista, hii si nyekundu, ni ya manjano tu." Mstari huo ni mzuri, uangalie. Lakini unapima kitu kimoja: inahitajika dawa kiasi gani kuua panya wa maabara mara moja. Unapima kuanguka. Klorpirifosi iko kwenye kundi la manjano. Mstari haujapimwa kwa ubongo wa mtoto wa miezi mitano aliye tumboni.

Mabadiliko ya fikira yalianza miaka ya tisini. Mwaka 1993 jopo la wanasayansi wa Marekani likiongozwa na daktari wa watoto, Philip Landrigan, lilitoa taarifa kuhusu dawa za wadudu katika chakula cha watoto. Walichosema kila mama anakijua, ila hakikuwa kimeandikwa kwenye sheria: mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa urefu. Kwa kila kilo ya mwili wake anakula zaidi, anakunywa zaidi, anapumua zaidi kuliko baba yake. Anatambaa sakafuni na kutia mkono mdomoni. Na ubongo wake bado unajengwa. Mwaka 1996 sheria mpya ikapitishwa huko, ikitaka viwango vya dawa kwenye chakula vipunguzwe mara kumi zaidi kwa ajili ya watoto, isipokuwa kama kuna ushahidi kwamba hakuna haja.

Katika chuo kikuu cha Duke, Theodore Slotkin na wenzake waliwapa panya wachanga klorpirifosi kidogo kidogo, kiasi ambacho hakimwangushi panya wala kumtetemesha. Kisha wakauchunguza ubongo. Wakakuta seli za ubongo hazigawanyiki wala kuungana kama inavyotakiwa. Jambo la kushangaza ni kwamba ile "hodi" niliyoitaja haitumiki kwa ujumbe pekee. Wakati ubongo unajengwa, hodi hiyo hiyo huzielekeza seli: wewe nenda huku, wewe ungana na huyu. Ni kama fundi mkuu anayepiga kelele kwenye mjengo. Ukivuruga sauti ya fundi kwa wiki mbili tu, nyumba itasimama, bati litawekwa, lakini nyaya za stima ndani ya ukuta hazitakuwa mahali pake.

Lakini panya ni panya. Nani angejua kuhusu watoto wa watu?

Wa kwanza kunivutia katika historia hii si daktari. Ni Elizabeth Guillette, mtaalamu wa mila na maisha ya watu. Alikwenda kwenye bonde la Yaqui, kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Huko kuna watu wa kabila moja, wanaokula chakula kimoja, lakini tangu miaka ya arobaini wale wa bondeni walianza kilimo cha dawa nyingi, na wale wa vilimani wakabaki na mifugo yao, dawa kidogo sana. Alichukua watoto wa miaka minne na mitano, 33 wa bondeni na 17 wa vilimani. Hakuleta mashine. Alicheza nao. Waliruka, walidaka mpira, walitia zabibu kavu kwenye kizibo cha chupa. Aliwaahidi zawadi ya puto, kisha baada ya nusu saa akawauliza wanakumbuka nini. Mwisho akawapa penseli wachore mtu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Kwa urefu na uzito watoto walilingana. Lakini wa bondeni walichoka upesi, mikono haikulenga vizuri, na kumbukumbu ilikuwa fupi. Na zile picha! Wa vilimani walichora mtu mwenye kichwa, macho, mikono na miguu. Wengi wa bondeni walichora mistari na viduara ambavyo huwezi kusema ni mtu. Nimewahi kuziona picha hizo katika mafunzo, na sikuzisahau. Hata hivyo niseme ukweli: watoto walikuwa 50 tu, na dawa haikupimwa kwenye mwili wa kila mtoto. Ushahidi wa namna hiyo unatosha kumshtua mtu, hautoshi kumaliza ubishi.

Ubishi ulihitaji akina mama wengi na subira ndefu. Hapo ndipo tunafika Salinas, bonde la California linalolima saladi na stroberi za Marekani. Mwishoni mwa miaka ya tisini wakulima wa huko walikuwa wakitumia zaidi ya kilo 200,000 za oganofosfeti kwa mwaka. Wafanyakazi ni wahamiaji kutoka Meksiko, wengi hawana karatasi za kuishi wala pesa za hospitali. Profesa Brenda Eskenazi wa chuo kikuu cha Berkeley na wenzake waliwaendea akina mama wajawazito katika kliniki zao. Kati ya mwaka 1999 na 2000, akina mama 601 walikubali. Utafiti uliitwa CHAMACOS, jina linalofanana na neno la Kihispania cha Meksiko lenye maana ya watoto wadogo.

Fikiria akina mama hao. Walifanya kazi ya kibarua juani, na bado walikubali kutoa mkojo mara mbili wakati wa mimba, kutoa damu ya kitovu wakati wa kujifungua, kufungulia wageni nyumba zao ili vumbi la sakafuni lipimwe, na kurudi na mtoto mwaka baada ya mwaka. Hawakuanguka. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa kama mama yangu wa kliniki.

Mkojo ulitumika kwa sababu mwili huvunja dawa hizi na kutoa mabaki yake mkojoni. Jambo la mapema lililogunduliwa lilihusu kinga ya mtoto. Ini letu hutoa kimeng'enya kingine, kinachozivunja baadhi ya dawa hizi kabla hazijadhuru. Watoto wachanga wa Salinas walikuwa nacho kama robo tu ya kiasi cha mama zao. Kwa hivyo kiasi ambacho mama anakimudu, mtoto hana nyenzo za kukimudu. Swali la "mbona mimi sikuanguka" lilipata sehemu ya jibu lake hapo.

Sehemu kubwa ya jibu ilikuja Aprili 2011. Watoto wa Salinas walikuwa wamefika miaka saba na kupimwa uwezo wa kufikiri. Watoto ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi ya dawa mkojoni wakati wa mimba, walikuwa nyuma kwa alama saba kwa wastani, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Watafiti walizingatia elimu ya mama, umaskini na mazingira ya nyumbani. Na mkojo wa watoto wenyewe baada ya kuzaliwa haukuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Uliokuwa na uzito ni wakati wa mimba.

Alama saba ni nini? Kwa mtoto mmoja huwezi kuziona kwa macho. Mtoto atatembea, atasema, ataenda shule. Lakini shusha kijiji kizima alama saba, na wale waliokuwa wakisukuma wenyewe kwa shida darasani watakuwa wengi zaidi, na wale wa kung'ara watakuwa wachache. Hakuna mtu atakayejua kwa nini. Watasema ni uvivu, au mwalimu hafundishi.

Mwezi huo huo wa Aprili, tafiti mbili za New York zilichapishwa katika jarida lile lile, na huko hakuna mashamba. Katika mojawapo, watafiti wa chuo kikuu cha Columbia, miongoni mwao Virginia Rauh na Robin Whyatt, walifuata akina mama weusi na wa asili ya Dominika katika mitaa ya Harlem na Bronx ya Kusini. Dawa yao ilikuwa ile ya mende, iliyopigwa ndani ya majumba ya kupanga. Watoto waliopata klorpirifosi nyingi tumboni walikuwa dhaifu katika kumbukumbu. Mwaka 2012 walipiga picha za ubongo wa watoto 40 wa kundi hilo, na wale waliopata dawa nyingi walikuwa na sehemu za ubongo ambazo umbo lake halikuwa la kawaida.

Sasa niwape habari njema kutoka huko huko New York, maana historia hii haina vilio pekee. Mwaka 2000 serikali ya Marekani na watengenezaji walikubaliana kuiondoa klorpirifosi katika matumizi ya nyumbani, na mwishoni mwa 2001 haikuuzwa tena kwa kazi hiyo. Whyatt na wenzake walikuwa tayari wanapima damu ya kitovu. Kabla ya Januari 2001, watoto waliopata dawa nyingi walizaliwa na uzito mdogo. Baada ya hapo kiasi cha dawa kwenye damu kilishuka sana, na tofauti ile ya uzito ikatoweka. Dawa ilipoondolewa nyumbani, watoto walizaliwa wazito, mwaka uliofuata tu. Mimi ninayepima watoto kwenye mizani kila wiki, hilo lilinigusa kuliko picha zote za ubongo.

Mashambani ilichukua muda zaidi. Watengenezaji walibisha, wakasema kuna kasoro katika tafiti. Ulaya iliiondoa mwaka 2020. Marekani iliizuia kwenye mazao ya chakula mwaka 2021, kisha mwaka 2023 mahakama ikaurudisha uamuzi huo nyuma. Mwaka 2025 nchi zilizo katika Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiweka klorpirifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, zikiacha nafasi kwa matumizi machache kwa muda. Hesabu mwenyewe: kutoka 1965 hadi 2025 ni miaka sitini.

Kabla sijarudi kwa mama yangu, nizungumze kidogo na nyanya wanaosikiliza, kwa sababu ubongo unaozeeka nao una hadithi yake. Mwaka 1982 huko California, daktari William Langston alipokea vijana waliokuwa wamekakamaa kama sanamu, wenye dalili zote za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka ambao kwa kawaida ni wa wazee. Ilibainika walijidunga dawa ya kulevya bandia iliyokuwa na kemikali iitwayo MPTP. Mwilini kemikali hiyo hugeuka kuwa kitu kinachoua seli za ubongo zinazoongoza mwendo wetu. Na umbo la kitu hicho linakaribiana sana na parakwati, dawa ya kuua magugu iliyokuwa sokoni tangu 1962.

Kutoka hapo watafiti wakaanza kuwauliza wakulima. Mwaka 2011 Caroline Tanner na wenzake walionyesha kwamba wakulima na wapigaji dawa waliotumia parakwati au rotenoni walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson karibu mara mbili na nusu ya wengine. Rotenoni ni dawa ya mimea, na ni jamaa wa sumu iliyo kwenye utupa, ule mmea ambao wazee wetu waliuponda na kuutupa mtoni kulewesha samaki. Kwa hivyo usidanganywe na mtu akikwambia "hii ni ya asili, haina neno." Mwaka 2012 Ufaransa iliutambua ugonjwa wa Parkinson kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima. Kama mzee wako alipiga dawa miaka mingi na sasa mkono unatetemeka akiwa ametulia, hatua zimekuwa fupi na uso hautabasamu kama zamani, mlete hospitali. Hajarogwa. Kuna dawa za kumsaidia ingawa hazimponyi.

Sasa narudi kwa mama yangu. Mama, hukuanguka kwa sababu wewe ni mtu mzima na kiasi kilikuwa kidogo. Mtoto wako hana ini lako. Ndiyo sababu nilikuambia uache kukoroga. Baba watoto akoroge mwenyewe, na kwa kijiti, si kwa mkono. Nguo za dawa avue nje, azifue mwenyewe ukiwa na mimba, katika beseni lake, mbali na nepi na nguo za watoto. Aoge kabla ya kumpakata mtoto. Kule Salinas dawa ilikutwa kwenye vumbi la nyumba zao, kwa maana iliingia na viatu na nguo.

Dawa isiwekwe kwenye chupa ya soda hata ikiwa ni kidogo iliyobaki. Pampu isilale chini ya kitanda. Dawa ya ng'ombe, ile ya josho, usimpake mtoto kichwani kuua chawa wala usiipige kwenye godoro kwa ajili ya kunguni. Baadhi yake ni za ukoo huu huu. Chupa tupu usichotee maji. Soma, au msomeshe mtoto wa shule akusomee, ni siku ngapi za kungoja baada ya kupiga kabla ya kuvuna sukuma wiki au nyanya, na uzingoje hata kama dalali yuko mlangoni na pesa. Osha mboga kwa maji mengi. Kuosha hakuondoi yote, lakini kunapunguza, na mboga usiache kula, maana mama mjamzito bila mboga anapungukiwa damu.

Neti ya mbu nayo usiitupe. Nimeulizwa hili mara nyingi. Dawa iliyo kwenye neti ni ya ukoo wa pareto, lile ua jeupe tunalolilima Nakuru na Nyandarua, na malaria kwa mjamzito ni hatari kubwa. Lala ndani ya neti kila usiku.

Mtu akimwagikiwa na dawa, vua nguo zake, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akiwa ameimeza, usimtapishe na usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa ya dawa ili daktari aone jina lake.

Na kama una mtoto ambaye tayari ni mzito wa kushika masomo, na sasa unasikiliza huku unahesabu siku ulizokoroga dawa ukiwa naye tumboni, nakuomba usimamishe hesabu hiyo. Tafiti hizi zilipima makundi ya watoto. Hakuna daktari anayeweza kumtazama mtoto mmoja na kusema hii ni dawa ya nyanya. Kuna sababu nyingi, na wewe hukuambiwa. Mlete mtoto apimwe masikio, macho na damu, halafu tuone atasaidiwaje. Hayo yote yanaweza kuanzia hapa kliniki, siku yoyote ya kazi.

Yule mama alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Wiki iliyopita alikuja kwa chanjo ya wiki kumi. Nilimwuliza kuhusu dawa. Akasema baba watoto sasa hukoroga mwenyewe, ila analalamika kwamba beseni jipya limemgharimu shilingi mia mbili.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kuhara na maji ya chumvi na sukari. Mimi ni muuguzi wako wa jamii. Kwaheri ya kuonana.